Asubuhi Nilipojua Kwamba Titi Linaongea na Mfuko wa Uzazi

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka moyo unanienda mbio. Nilikuwa kijana, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumia mizigo, pale mtaa wa Ndosho, na mke wangu Kahindo alikuwa na mimba yetu ya kwanza, imefika mwezi wake. Kulipokucha mabomu yakaanza kulia upande wa kaskazini. Jua halijapanda sana, mtaa mzima ulikuwa barabarani: magodoro, masufuria, mbuzi, wazee waliobebwa mgongoni, wote wakielekea kambi ya wakimbizi ya Mugunga.

Kahindo hakuweza kutembea. Nilichukua chukudu niliyokuwa nimemaliza kuitengeneza, nikatandika godoro juu yake, nikamlaza. Shangazi yake, Mama Masika, mama wa sauti ya kuamrisha, akabeba nguo za mtoto. Nikasukuma. Barabara ile ya mawe ya volkano unaijua mwenyewe. Kila gurudumu liliporuka, Kahindo alinishika shati.

Tulipokaribia kambi akaniambia, "Paluku, maji imetoka."

Nilidhani ni kidumu chetu kinachovuja! Unacheka? Cheka tu. Miti ya chukudu niliijua yote, ipi ngumu, ipi inapasuka, lakini mwili wa mke wangu sikuujua hata kidogo. Vijana wa wakati wetu tuliambiwa hayo ni mambo ya wamama, basi.

Kambini tulimkuta muganga mmoja, Mama Nsimire, mtu wa upande wa Bukavu. Alikuwa amezalisha wamama hospitalini miaka mingi, na siku hiyo alikuwa amekimbia kama sisi, na begi lake la glavu na wembe mpya. Alikuwa amefunga turubai la bluu kwenye miti, akamwingiza Kahindo ndani. Mimi nikabaki nje, nikizunguka, nikikaa, nikisimama tena.

Halafu nikasikia mtoto analia. Niliruka, mwanangu! Niliruka nikamkumbatia mzee ambaye simjui hata jina. Ndani Mama Masika alikuwa anapiga vigelegele: "Ni kijana! Ni Mumbere!" Ndilo jina tunalompa mtoto wa kwanza wa kiume kwetu.

Mara vigelegele vikakatika.

"Kondo haijatoka," nikamsikia Mama Nsimire. Kondo, mwanangu, ni ile nyama inayoshikamana na ukuta wa mfuko wa uzazi na kumlisha mtoto kwa njia ya kitovu miezi yote. Mtoto akizaliwa, nayo inapaswa kumfuata.

"Na damu iko inazidi," Mama Masika akasema, sauti ya kuamrisha imemwisha.

"Papa wa mutoto! Ingia hapa!" Mama Nsimire akaniita.

"Mwanaume aingie humu?" Mama Masika akashangaa.

"Yeye ndiye iko na chukudu, Mama. Aingie."

Nikaingia. Midomo ya Kahindo ilikuwa imepauka. Mtoto alikuwa amefunikwa vizuri mikononi mwa shangazi. Mama Nsimire alikuwa ameweka mkono chini ya kitovu cha mke wangu.

"Mufuko wa uzazi umelegea, papa. Barabara ya hospitali iko namna gani?"

"Askari wamefunga. Lakini nitapita, Mama. Nitapita tu."

"Basi tayarisha chukudu yako. Ila kwanza tujaribu kitu. Mama Masika, weka mutoto kwa titi."

"Titi gani? Hii maziwa ya kwanza ni ya manjano, ni uchafu. Sisi tunaikamua, tunaimwaga. Atanyonya kesho."

"Kesho huyu mutoto atanyonya nani? Leta mutoto!"

Mama Masika akamleta. Mumbere alitafutatafuta kidogo, akapata, akavuta kwa nguvu ya ajabu kwa kiumbe kidogo vile. Mama Nsimire akashika mkono wangu, akauweka juu ya tumbo. "Usibonyeze. Ngoja."

Palikuwa laini kama unga uliokandwa. Nikangoja. Na chini ya kiganja changu, mwanangu, kitu kikaanza kujikusanya! Kilikaza, kikawa duara, kikawa kigumu kama ngumi.

"Iko inakaza!" nikapiga kelele. "Mama, iko inakaza kweli!"

Kahindo akaguna, na kondo ikatoka. Mama Nsimire akaigeuza pande zote kuhakikisha hakuna kipande kilichobaki ndani. Damu ikapungua, ikapungua tena. Kahindo akanitazama na kusema, "Mbona unapiga kelele kuliko mimi niliyezaa?" Tukacheka wote, na machozi yananitoka.

Ndipo Mama Nsimire akanieleza. Mfuko wa uzazi ni msuli, na mishipa ya damu inapita katikati ya nyuzi zake. Mtoto akinyonya, titi linapeleka habari kwenye ubongo, ubongo unatia dawa yake ndani ya damu, na dawa ile inaamuru mfuko ukaze. Nyuzi zikikaza zinabana mishipa, damu inakatika. Yaani titi na mfuko wa uzazi vinaongea! Nilirudia maneno hayo kwa kila mtu kambini. Na Mama Masika? Kila aliyezaa pale Mugunga alimkuta mlangoni: "Mutoto kwa titi! Leo, si kesho!"

Sasa nisikilize, wewe unayengoja kuitwa papa. Jifunze mwili wa mkeo kabla ya siku ya hofu. Mpeleke kwa muganga, uingie naye, uulize bila haya kondo inakaa wapi na maji yanatoka lini. Maziwa ya manjano usiruhusu mtu ayamwage. Ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Mtoto apewe titi mara tu anapozaliwa. Lakini kondo ikikawia au damu ikizidi, usikae kungoja titi peke yake: kimbia hospitali, hata kama barabara ni mbaya. Na usikubali kuachwa nje bila kujua kinachoendelea.

Mungu aliyeuumba mwili kwa ufundi namna hiyo amlinde mkeo, ampe nguvu ya kusukuma na furaha ya kunyonyesha. Mtoto wako azaliwe siku ya amani, alie kwa sauti kubwa, na mama yake amsikie.