Vioo Vitatu vya Bi Rehema

Mjukuu wangu huziweka filamu zake kwenye friji, kando ya samaki. Ana aina mbili anazozipenda, moja ya jua kali na moja ya kivuli, na ukimgusia habari zake utakaa hapo mpaka chai ipoe. Juzi alifungua kopo moja mbele yangu, likatoa harufu yenye uchachu, nikajikuta nimeshika ukingo wa meza. Harufu ile naijua tangu nikiwa na miaka minane. Sijamwambia mtu yeyote kwa nini inanitia uchungu, basi leo acheni niwaambie ninyi.

Baba yangu alikuwa mpiga picha Malindi, miaka ile ya vita vya Waingereza na Wajerumani. Filamu za kukunja zilikwishaanza kuingia, lakini yeye hakuzitaka. Alisema joto letu linazifanya zigandane na picha zinatoka na madoa. Yeye na vioo vyake. Vilikuwa vibamba vya kioo vilivyopakwa dawa upande mmoja, na alivyovipenda kupita vyote ni vya boksi la manjano. Vilikuwa vizito kushika picha, mtu ilimbidi akae bila kupepesa, lakini picha ikitoka ungeweza kuhesabu nyuzi za kofia yake. Nguo nyekundu tu ndizo zilizomshinda: zilitoka nyeusi, na wenye nguo zao wakanuna.

Meli ziliadimika kwa ajili ya vita, na vioo vya manjano vikabaki vitatu. Baba akaviweka, hataki kuvitumia ovyo. Ndipo akaja jirani yetu Bi Rehema, mshona kofia, pamoja na Salimu, mwanawe wa pekee. Salimu alikuwa ameandikwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi, na mama yake alitaka sura yake ibaki nyumbani. Baba hakusita. Alimpiga picha Salimu amesimama, kisha amekaa, kisha yeye na mama yake. Keshoye Salimu akaenda zake, na vioo vikarudi boksini, vimefungwa karatasi nyeusi, kungoja dawa ya kusafishia picha itoke Mombasa.

Masika yakaingia, dawa haijafika. Kila asubuhi baba aligusa ukuta uliolowa akilalamika kuwa unyevu ule utamharibia vioo. Nami nilimsikia. Kwetu, mvua zikikatika, wanawake hutoa kila kitu uani kiote jua, magodoro, nguo za sandukuni, mpaka vitabu, na nyumba isiyoanika husemwa vibaya mtaa mzima. Siku ya kuanika ilipofika, mama alishughulika na magodoro, baba alikuwa amekwenda Mambrui, mji wa jirani, nami nilitaka kusifiwa. Nikaingia chumbani mwa baba, nikalitoa boksi la manjano, nikavifungua vioo vyote vitatu na kuvipanga juu ya mkeka, upande wa dawa juu.

Nilijua kwamba baba hufanya kazi gizani. Lakini nilidhani giza lile ni la kuficha ufundi wake, kama mama alivyotufukuza jikoni alipokuwa akipika halua; sikujua kwamba kioo ambacho hakijasafishwa kikiona mwanga, picha yake huungua.

Vioo vilikuwa na rangi ya maziwa na harufu ile ya uchachu. Nikakaa kando yake nikifukuza nzi, nimeridhika na nafsi yangu. Punde vikaanza kugeuka, vikawa na rangi ya zambarau iliyochanganyika na kijivu. Nikavifunga upesi, nikavirudisha mahali pake, kisha nikaenda kumsaidia mama kupiga magodoro kwa bidii iliyomshangaza.

Dawa ilipofika hatimaye, baba alitoka chumbani na vioo vitatu vyeusi tititi. Alisema labda ni unyevu, labda vilikuwa vimekaa sana. Bi Rehema akaomba avione. Alikiinua kimoja dirishani, na hapakupita nuru hata chembe.

"Mwanangu hayuko," akasema. "Angalikuwa hai, angalitoka pichani."

Baba alimweleza kwa upole, tena na tena, lakini hakuwa na hakika ya sababu, na mtu asiye na hakika hamwondolei mtu hofu. Mwenye hakika nilikuwa mimi, nyuma ya mlango. Ningesema tu kwamba nilivianika. Lakini niliiogopa bakora ya baba.

Miezi ikapita bila habari. Bi Rehema akasomesha hitima, akazigawa kanzu za Salimu. Kisha akaenda kwa wazazi wa Mwanaidi, mchumba wa mwanawe, akawaambia wasimweke binti yao amngoje maiti. Mwanaidi akaolewa Mambrui. Nilikula pilau ya harusi ile, na nakumbuka kwamba ilikuwa nzuri.

Vita vilipokwisha, Salimu akarudi, amekonda, mguu mmoja ukiburura. Siku chache baadaye alikuja kwetu, akamwamkia baba shikamoo, akamwuliza zile picha zilipatwa na nini. Baba akasema kosa ni lake, kwa kuviamini vioo vilivyokaa. Hakuvinunua tena, alikwishageukia zile filamu alizozidharau. Mimi ndiye niliyewaletea kahawa. Salimu akatabasamu, akasema nimekuwa mkubwa, nami nikarudi jikoni.

Kwetu, siku ya Idi, watoto huwaendea wazazi kuwataka radhi. Bi Rehema aliligeuza jambo hilo. Kila Idi, mbele ya watu, alimshika Salimu mkono na kumwambia, "Niwie radhi, mwanangu. Nalikuzika nawe u hai." Salimu alimsihi asiseme hivyo, akilia. Nami nilikuwapo, kwanza msichana, kisha mke wa mtu. Nilipompata mwanangu wa kwanza ndipo nilipofahamu nilimfanyia nini mama yule, na kwamba bakora ya baba ingalikwisha kuuma kabla ya alasiri.

Idi yake ya mwisho Salimu alikuwa safarini. Bi Rehema alikuwa haoni tena vizuri, akaupapasa mkono wangu mimi.

"Nawe mwanangu," akasema, "akija Salimu nami sipo, nambia utamwambia aniwie radhi."

Nikamwambia nitamwambia. Salimu aliporudi tulikuwa tumekwisha kumzika mama yake. Nilimfikishia maneno yale, yote kama yalivyokuwa, bila kuongeza langu, naye akanishukuru.