Irabu za Kulamba

Mwalimu mkuu alinipa hadi Ijumaa. Watoto wangu wa darasa la awali wasipotambua irabu tano, alisema, mimi nahamia darasa la tano kufundisha hisabati, na chumba changu anapewa mtu anayejua kutumia chaki. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Mimi na hisabati hatusalimiani. Halafu nilikuwa nawapenda wale watoto, pamoja na makamasi yao.

Chanzo cha yote ni asali. Mama yangu yuko Issuna, na kila wakirina hunitumia dumu zima kwa basi mpaka huku Kiomboi, kana kwamba nalisha ukoo. Mwanzoni mwa mwaka nikaikoroga na unga wa uwele isitiririke, nikaitia kwenye chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, nikawa nachora herufi kwenye sahani za bati. Mtoto anafungwa macho kwa kanga yangu, anafuata mchoro kwa ncha ya ulimi, kisha anataja herufi. Akipatia, anamaliza sahani. Akikosea anarudia, kwa hiyo naye anamaliza sahani.

Tatizo, walizoea. Baada ya wiki mbili wakawa hawaamini herufi ambayo hawajailamba. Mmoja alilamba kibao cha namba cha bodaboda ya baba yake. Bibi mmoja alinijia asubuhi na mapema, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa mkato.

"Mwalimu, mjukuu wangu kalamba Biblia. Anasema kaonja I."

Nilimwomba radhi huku nimejiuma midomo. Moyoni nilifurahi sana, maana I kweli imo.

Ijumaa mwalimu mkuu akaingia na fimbo yake ya kuonyeshea, akaandika E kubwa ubaoni. Akauliza ni irabu gani. Akauliza tena. Watoto wakanitazama mimi, mimi nikatazama viatu vyangu, nikaanza kuziona sehemu na desimali zikinijia. Ndipo binti mmoja mdogo, mwembamba, sare imempwaya, akaenda mbele akailamba ile E yote, kuanzia juu hadi chini pamoja na matawi yake matatu. Akatema vumbi la chaki.

"E," akasema. Nyuma yake foleni ilishaanza.

"Acheni!" mwalimu mkuu akafoka. "Hivi ndivyo mnavyosoma?"

"Ndiyo, mwalimu mkuu!" wakaitikia wote, na yule binti akamletea kanga.

Sijui nini kilimpata. Labda ni ile harufu ya asali. Alichungulia mlangoni kama kuna mtu, akakaa kwenye kibenchi cha watoto, magoti yakamfika kidevuni, akakubali kufungwa macho. Nikachora herufi kwenye sahani. Ulimi wake ukatoka.

"O," akasema.

Hakuna aliyecheka. Yule binti akampapasa bega.

"Siyo hiyo, mwalimu mkuu. Usiogope. Rudia polepole, asali bado ipo."

Nikamtazama yule binti. Maneno yale ni yangu, mwaka mzima nayasema bila kujua kama kuna anayenisikiliza.

Mara ya tatu akasema, "U," na watoto wakampigia makofi mpaka darasa la jirani likanyamaza. Akajifungua kanga, akasimama, masharubu yote asali.

"Mwalimu," akasema, "Jumatatu mnaanza konsonanti gani?"

"M, mkuu."

"Na mimi niwekee sahani."