Mwenye Gari Yuko Ndani

Watu wengi wenye visa vya namna hii hukutana na maajabu yao usiku, mahali pasipo na taa, wakiwa wamechoka au wamekunywa. Mimi sinywi. Na nilichokiona nilikiona asubuhi, katika ofisi ya bima mjini Kisumu, ghorofa ya pili, jua likichoma mpaka lami inanata viatuni. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka ni juu yako, maana hata waliokuwepo siku hiyo wanajifanya hawakumbuki.

Mume wangu alikuwa na pikapu ya kijani. Alipokuwa hai sikuruhusiwa hata kuegemea boneti yake. Mvua inyeshe, mtoto awe na homa, pikapu ni ya Mzee, mimi nilitembea kwa miguu. Alipofariki, miaka ya tisini imeanza tu, tulimzika kwao Nyakach, karibu na Katito. Nikatoa ufunguo kwenye mfuko wa suruali aliyoiacha hospitalini, nikajifunza kuendesha. Ningefanya nini? Watoto walikuwa wanne. Nikawa nafuata samaki Kendu Bay na kuwaleta Kisumu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe tukala tukashiba.

Jina kwenye gari na kwenye bima sikulibadilisha. Mwanamke yeyote wa kwetu aliyefiwa anajua sababu. Ukitaka kubadilisha jina lazima upite kwa wakwe, na shemeji zangu walikuwa wameshaanza kuizunguka ile pikapu kama kunguru. Tena nilikuwa nimekataa kurithiwa na mdogo wa marehemu, kwa hiyo hawakuwa na hamu ya kunifanyia wema. Basi kwa miaka miwili nililipa bima kwa jina lake. Karani akiuliza Mzee yuko wapi, nilisema yuko safari.

Halafu jioni moja, natoka Kendu Bay nimejaza samaki, nimeshapita Katito kidogo, ng'ombe akaingia barabarani. Nikamkwepa. Pikapu ikabingirika hadi mtaroni. Nilitoka kwa dirisha, damu usoni, nikaona watu wanakuja mbio. Nikasema Mungu ni mwema, wamekuja kuniokoa. Kumbe walikuwa wamebeba makarai. Polisi walipofika hapakuwa na samaki hata mkia.

Kesho yake nikaenda kuripoti kwenye ofisi ya bima, kichwa kimefungwa bandeji. Ile ilikuwa bima kubwa, ya kutengeneza hata gari lako mwenyewe, na hilo ndilo tegemeo nililobaki nalo. Pikapu isipotengenezwa, biashara imekwisha, na watoto wanarudi kwenye uji wa chumvi. Nilikuwa nimeshapanga la kusema: Mzee yuko safari, amenituma mimi. Msichana wa mapokezi akaangalia namba ya gari, akatabasamu.

"Mama, hiyo ajali imesharipotiwa. Mwenye gari yuko ndani, anaandikisha ripoti."

"Mwenye gari gani?"

"Si Mzee? Amerudi safari. Wewe ingia tu."

Nilijua ni shemeji. Nilijua amesikia habari huko Katito na amekuja kujifanya marehemu ili ale pesa za watoto. Nikausukuma mlango kwa nguvu, tayari kwa vita.

Mtu alikuwa amekaa mbele ya meza ya afisa, amenipa mgongo. Koti la kahawia. Lilikuwa limekatwa kutoka kola hadi chini, na shati vilevile, na katikati nikaona ngozi. Sasa sikiliza vizuri. Kule mochari mwili ulikuwa umekakamaa, na mhudumu akaniambia, "Mama, hii koti haiingii, wacha tukate nyuma." Mimi ndiye niliyemwambia akate. Alijua yeye na nilijua mimi, basi, maana mtu akishalala kwenye jeneza nani atamwona mgongo?

Akageuka. Alikuwa yeye. Uso wake, kovu lake la kidevuni, na kipande kidogo cha pamba puani.

Unadhani nilipiga mayowe? Unadhani nilizimia? Niamini, kilichonipanda ni hasira. Miaka miwili amelala. Watoto wake waliumwa, hakuja. Walifukuzwa shule, hakuja. Gari lake limebonyea, huyu hapa, wa kwanza ofisini.

"Mzee anasema hajawahi kukuruhusu uendeshe," afisa akaniambia bila kuinua macho. "Sasa dereva hana ruhusa ya mwenye gari. Hapo kampuni haiwezi kulipa."

"Huyu amekufa! Nimemzika mwenyewe!"

"Mama, maneno ya nyumbani mmalizie nyumbani."

Marehemu akatia sahihi, taratibu, akasimama. Alinuka dawa ya mochari. Nilimfuata hadi kwenye korido, nikajikaza, nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Sikumwuliza ametoka wapi wala huko aliko kukoje. Nilimwuliza neno moja tu: "Watoto watakula nini?"

Akanitazama vile alivyozoea kunitazama.

"Nyar Bondo," akasema, maana mimi ni binti wa Bondo na hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, "nani alikupa ufunguo?"

Hayo tu. Mtu ametoka kaburini, amekuja mpaka mjini, na swali lake ni hilo. Akashuka ngazi, waliokuwa wakipanda wakampisha na kumwamkia. Mimi nilikaa chini palepale kwenye korido nikalia, na si kwa huzuni.

Siku chache baadaye nikarudi na cheti cha kifo. Afisa akakisoma, akakisoma tena. Nikajua sasa ataniomba msamaha. Akanirudishia cheti.

"Mama, chagua. Mumeo yuko hai au amekufa? Kama yuko hai, amekataa. Kama amekufa, bima ilikufa na yeye, na wewe umeendesha gari miaka miwili bila bima. Niite polisi?"

"Na aliyekaa hapa alikuwa nani?"

Akafungua droo, akaifunga. Akasema ofisi inafungwa kwa chakula cha mchana.

Wakwe waliposikia walifurahi sana. Wakasema huyo ni jachien, marehemu mwenye kinyongo, na kwamba atatulia siku nitakapomkubali mdogo wake. Nikawajibu kwamba nimeolewa katika ukoo huo mara moja, inatosha.

Pikapu ilivutwa hadi nyuma ya nyumba, ikawekwa juu ya mawe. Mimi nikaingia kwenye kukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwandani wakishatoa minofu, na moshi umeniharibu macho. Na kila mwaka, mwezi uleule, naamka nakuta stika mpya ya bima imebandikwa kwenye kioo kilichopasuka. Nilikwenda kuuliza. Msichana mwingine wa mapokezi akaniambia Mzee huja mwenyewe kulipa, tena taslimu, mzee mpole sana. Mpole! Watoto wake hakuwahi kuwanunulia hata sare ya shule.

Basi wewe mama unayesoma haya, kama kuna kitu nyumbani kwenu unachokitegemea, mwambie mumeo aandike jina lako wakati bado anapumua. Usione haya, na usimwogope mama mkwe. Mwanamume mgumu akishakufa anazidi kuwa mgumu, na hakuna ofisi itakayokusikiliza wewe ikamwacha yeye.

Mimi nilichelewa. Lakini injini ya ile pikapu niliiuza zamani, halafu gia boksi, halafu magurudumu, moja moja, na watoto wangu wote wanne wakamaliza shule. Chini ya boneti sasa kuku wanaatamia. Yeye hajawahi kufungua akaangalia. Hubandika stika yake, akaenda zake. Mwacheni alipe.