Dawa ya Vidole vya Mama

Mama alianza kuniomba nimfungie vifungo vya sweta mwezi wa sita, asubuhi zile za mawingu na baridi, na mimi nikadhani ananitafutia kazi ya kufanya. Nilikuwa nimerudi nyumbani Zombe na shahada yangu ya kemia ndani ya bahasha ya kaki, na kila mtu alikuwa na shughuli ndogo ya kunipa ili nisishinde nikitazama simu kama itaita. Siku ya nne ndipo nilipoangalia mikono yenyewe badala ya vifungo. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba na kupinda kama vipande vya tangawizi.

"Mwaitu, hii ilianza lini?" nilimuuliza. Kwetu ndivyo tunavyomwita mama.

"Ilianza ukiwa shule."

Alisema hivyo tu, lakini mimi si mtu wa kuliacha jambo hapo. Shule, kwa maana ya chuo kikuu, ilikuwa miaka minne. Nilianza kupekua likizo zote nilizokuja nyumbani, nikijaribu kukumbuka ni ipi nilimwona akishika kikombe kwa mikono miwili. Nikakumbuka Krismasi moja aliponiambia nimenye viazi vyote peke yangu, nami nikanuna.

Kwenye zahanati walikuwa wamemwambia ni baridi yabisi, wakampa vidonge. Vidonge vilimchoma tumbo, akaviacha dirishani vikae na jua. Angeweza kuishi na maumivu, nadhani. Jambo ambalo hangeweza kuishi nalo lilikuwa chai.

Inabidi nieleze. Mama husuka viondo, vile vikapu vya mkonge. Kila Alhamisi kikundi chao hukutana kwenye kibanda cha mabati nyuma ya kanisa. Wanaosuka hukaa kwenye mikeka, wamenyoosha miguu, mkonge mapajani. Wale ambao vidole vyao vimekataa hukaa upande wa pili, penye mafiga, wakipika chai ya wenzao. Hakuna kanuni iliyoandikwa wala mtu anayefukuzwa. Siku moja tu mwanamke anafika, hatoi kiondo chake, anashika sufuria, na tangu siku hiyo ni wa chai. Wa chai hawaulizwi rangi ipi ifuate ipi. Kicheko kikizuka mkekani, wao huuliza kwa mbali, machozi ya moshi yakiwatoka, "Amesema nini?" na mara nyingi hakuna anayerudia.

Mama alikuwa na kiondo kimoja kikubwa kilichofika nusu. Mnunuzi angekuja mwisho wa mwezi wa nane.

"Nikimaliza hiki," aliniambia, "watajua bado niko."

Sikuweza kumsaidia kukisuka. Kwanza sijui. Nilipokuwa mdogo kila niliposhika mkonge alininyang'anya: "Wewe mikono yako ni ya kalamu." Pili, kiondo hakikubali mikono ya watu wawili. Kila mwanamke ana mvuto wake wa uzi, na mwingine akiingilia kati, mstari unabaki pale kama kovu. Wenzake watauona hata kama mnunuzi hatauona. Kwa hiyo nikaamua kufanya nilichodhani ninakijua. Ningempikia dawa ya kuchua.

Nta nilipewa na mjomba wangu wa kule Tulia, ndugu ya mama, ambaye ana mizinga.

"Msomi," alisema, akiniwekea bonge la nta lenye rangi ya sukari guru kwenye mfuko, "sasa umeamua kuwa nyuki?"

"Ni ya mama, mjomba. Ya mikono."

Akaacha kucheka. Akaongeza bonge la pili.

Mafuta yalitoka kwa mbegu za mbarika zinazoota zenyewe nyuma ya choo chetu. Nilizikaanga kidogo, nikazitwanga, nikazichemsha na maji muda mrefu hadi mafuta yakapanda juu, nikayaengua kwa kijiko. Kazi ya mchana mzima kwa mafuta ya kikombe kimoja. Na kwa kuwa nilijua mbegu za mbarika zina sumu, nilizika makapi shimo la kufika gotini, nikaweka jiwe juu, kisha nikaenda mara tatu kuangalia kama kuku hawajachimbua. Mara ya tatu mama alinikuta nimechuchumaa namtazama jogoo.

"Unamngoja afe?"

"Naangalia tu."

"Hata mimi ukiniangalia hivyo nitakufa."

Katika mafuta nilitia tangawizi iliyopondwa, pilipili kavu, na majani ya mkaratusi niliyochuma kwenye ua wa shule ya msingi. Niliacha sufuria juu ya makaa hafifu, nikikoroga, nikihofia kila kitu: kwamba pilipili ni nyingi na itamchoma, kwamba ni kidogo na haitasaidia, kwamba mtu aliyesoma miaka minne anapaswa kuwa na kipimo bora kuliko ncha ya kidole. Nilichuja kwa kitambaa, nikayeyusha nta ndani yake, nikadondosha tone kwenye kijiko baridi nione kama litaganda. Liliganda. Nikamimina kwenye mikebe mitatu mitupu ya mafuta ya kupaka. Kufika saa saba mchana joto la Zombe lilikuwa limegeuza yote kuwa uji. Nikarudia, nta zaidi. Mara ya pili ikawa ngumu kama sabuni. Ya tatu ilikubali, na nikaihifadhi kando ya mtungi wa maji, mahali pa baridi zaidi katika nyumba yetu. Kwanza niliipaka mkononi mwangu siku mbili, nikiamka asubuhi kuangalia kama kuna vipele.

"Usiwaambie watu wa kanisa nimeanza miti shamba," mama alisema.

"Mwaitu, ni mafuta na nta."

"Hata mganga huanza hivyo."

Lakini alinyoosha mikono. Nilimchua asubuhi kabla ya chai na jioni baada ya mifugo kuingia, kidole kimoja kimoja, kutoka kwenye ncha hadi kiganjani. Kisha nilimvalisha soksi mikononi ili joto lisitoke. Alicheka, akasema anafanana na mtoto mchanga. Katika siku zote nilizokaa nyumbani bila kazi, hizo ndizo pekee ambazo nilijua niamkie nini. Wiki ya pili alifunga kifungo kimoja cha sweta mwenyewe. Wiki ya tatu alifunga vyote. Ngozi yake, ambayo nilikuwa naijua tangu utotoni kama gome, ilianza kulainika. Zile sehemu ngumu za njano kwenye kidole cha shahada na gumba ziligeuka nyeupe na laini, zikaanza kubanduka vipande vipande, nami nilizisugua zaidi kwa kitambaa cha joto kwa sababu nilizihesabu kuwa sehemu ya ugonjwa. Nilijivunia ngozi ile. Hili ndilo ninalorudia kichwani mara nyingi kuliko yote: kwamba nilijivunia.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa nane nilimsindikiza kikundini, nikibeba kiondo. Wiki zote zile alikuwa hajakigusa; mimi ndiye niliyemkataza, eti mikono ipumzike. Tulipoingia harufu ya mkaratusi ilitutangulia.

"Nani ameleta hospitali hapa?" aliuliza mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mbuzi, ambaye yeye na mama walianza kusuka wakiwa wasichana.

"Ni daktari wangu," mama alisema, akaonyesha kwa mdomo niliko.

"Daktari wa sufuria! Mimi pia nina goti, nitibu."

"Lako si goti, ni uzito," mwingine akasema, na mkeka mzima ukaangua kicheko, mama akiwa ndani yake, miguu ameinyoosha, kiondo mapajani. Wanawake wawili wa chai waliinua vichwa. Niliona wakiuliza. Nikaona hakuna aliyewajibu.

Nilikaa mlangoni kwenye jiwe. Mama alisokota uzi pajani, ukateleza kwa sababu ya mafuta. Akachota jivu kidogo mafigani, akapaka, ukashika. Kisha akaanza kusuka. Vidole vilikuwa vinakunjika tena. Sitasahau kasi ile. Pitisha, zungusha, vuta. Mvuto wa kiondo si wa mchezo. Uzi usipokazwa kwa nguvu zote, kiondo kinalegea kama soksi kuukuu. Alizunguka mara moja, mara mbili. Halafu akapunguza kasi. Halafu akageuka kidogo, mgongo ukawa upande wangu, na nikajua ananificha kitu kwa sababu mimi mwenyewe hugeuka hivyo.

Mwenyekiti aliona kabla yangu. Alimshika mkono akaufungua mbele ya wote. Uzi ulikuwa umekata kidole cha shahada kwenye mkunjo, na gumba mahali pawili. Damu ilikuwa imeshuka kwenye mkonge mweupe, mstari mzima, na mkonge hunywa, haufuliki.

"Sugu zako ziko wapi?" aliuliza. Sauti ya kuita mbuzi ilikuwa imekwisha, aliuliza polepole.

Mama alijaribu kuuvuta mkono.

"Nimeuliza, sugu zako ziko wapi? Za miaka yote hiyo?"

Kisha akageuka akanitazama mlangoni. Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi kama angekuwa na hasira. "Mwanangu, ulimtoa sugu?"

Nikasema nilidhani ni ugonjwa.

"Ona," akasema, akanisogezea kidole chake mwenyewe, kigumu kama kwato. "Hii ndiyo inashika uzi. Ngozi haishiki uzi."

Wote walikuwa wakitazama vidole vyao, kama watu waliotajiwa jambo ambalo hawakuwahi kulifikiria kwa sababu halikuhitaji kufikiriwa. Katika kibanda kile chote, ni mimi peke yangu niliyekuwa na mikono laini, na ni mimi niliyekuwa sijui. Mama alinifunza hivyo kwa makusudi. Alitaka nisijue.

"Mwacheni," alisema, akifunga kidole kwa ncha ya leso. "Maumivu yalipungua kweli. Alitibu."

Alijaribu tena siku zilizofuata. Nilimfunga plasta, uzi ukaisukuma. Nilimfunga kitambaa, hakuweza kuhisi mvuto. Niliacha kumpaka dawa ili ngozi ikomae, na ndani ya siku chache viungo vikavimba upya, asubuhi vikiwa vimekaza, hadi sweta ikawa kazi yangu tena. Kwa hiyo tulikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: vidole visivyokunjika, au vidole visivyo na sugu. Nilisoma kwenye simu hadi macho yakauma, nikitafuta la tatu. Nilifikiria kupaka kwenye viungo tu na kuruka ncha. Tulijaribu. Mafuta hayajui mpaka. Kufika asubuhi yalikuwa yamesambaa kila mahali. Mwenyekiti alisema sugu mpya huchukua msimu mzima kwa msichana. Kwa mama hakusema.

Mnunuzi alikuja mwisho wa mwezi. Kiondo cha mama kilibaki ukutani chumbani, nyuzi zake zikining'inia kinywani, mstari wa damu umegeuka rangi ya kutu. Mwenyekiti alijitolea kukimalizia. Alikuja hadi nyumbani kusema hivyo, jambo ambalo kwa msusi si dogo.

"Mstari utaonekana," mama akamwambia.

"Utaonekana. Na uonekane basi."

"Hapana, dada yangu. Kiache."

Alhamisi iliyofuata mama aliondoka bila mfuko wa mkonge. Sikumsindikiza. Nilikaa nyumbani nikijiambia pengine amekwenda kuwasalimia tu, pengine atakaa mkekani hata bila kiondo, mtu hawezi kukatazwa kukaa. Nilijua hayo si kweli, lakini akili yangu haiwezi kukaa bila kupika kitu.

Alirudi jua likishuka, leso ikinuka moshi. Aliketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu kwa shida.

"Kuchuchumaa kule mafigani kunaua magoti," alisema. "Ile dawa imebaki?"

Ulikuwa umebaki mkebe mmoja na nusu kando ya mtungi. Niliuleta. Nilichota kwa vidole, nikapasha mafuta kiganjani, nikaanza na goti la kushoto. Alifumba macho. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, na bila kukusudia mkono wangu ulipanda kuelekea huko, kwa mazoea ya wiki zile zote.

Akaivuta mikono yake, akaificha kwapani.

"Vidole usiguse," alisema.

Nikarudi kwenye goti.