Neno Moja Aliloniuliza Mama

Kuna siku moja kule Usagara, nyumbani kwa mama, haijawahi kunitoka akilini, mwanangu, na tangu uliponiambia kuwa kesho unasaini mkopo wa bajaji kwa dhamana ya kiwanja chako, imerudi na kuninyima raha. Leo nimefagia uwanja mara mbili.

Nilikuwa mwalimu mpya wa Kiswahili hapa Mkuyuni, kijana, na majivuno yangu yalizidi mshahara. Nikataka cherehani nne nifungue duka la kushona sare. Mkopeshaji alitaka dhamana, na sisi tulikuwa na shamba la mama tu, lile la mihogo na mpunga. Mama hakusoma. Aliigeuzageuza ile karatasi, akanirudishia nimsomee. Nilipofika kwenye "riba ambatani" akanisimamisha.

"Hilo neno maana yake nini?"

Sikulijua. Lakini wiki ileile nilikuwa nimefundisha maneno ambatani darasani: mwana na nchi, unapata mwananchi, mawili yanaungana yanakuwa moja. Basi nikamjibu, tena kwa sauti ya darasani, kwamba riba zote zinaunganishwa, tunalipa mara moja tu, basi. Niliona aibu kusema sijui mbele ya mama aliyeuza ng'ombe ili nisome.

"Haya, wewe ndiye msomi," akasema, akaweka dole gumba.

Wateja walikuwa wachache, nikakosa marejesho ya miezi kadhaa. Kumbe kila riba niliyoshindwa kulipa ilijumlishwa kwenye deni, kisha riba mpya ikahesabiwa juu ya vyote. Nilipokwenda kuuliza, nilidaiwa zaidi ya nilichokopa. Karani akanipa kiti. Shamba likauzwa.

Mama hakunigombeza. Alisubiri mnunuzi aondoke, akasema taratibu, "Nilikuuliza neno moja tu, Mwalimu." Hakuwahi kuniita Mwalimu kabla ya hapo, na hakuniita jina langu tena mpaka tulipomzika.

Siuchukii mkopo, mwanangu. Hata huko kuambatana si kubaya: akiba usiyoigusa nayo hupata faida, na mwaka unaofuata faida ile nayo huleta faida yake. Ninachohofia ni wewe kuitikia tu kwa sababu kuna foleni nyuma yako. Muulize yule bwana wa mkopo: nikikosa mwezi mmoja, nitadaiwa shilingi ngapi? Na miezi mitatu je? Akuandikie kwa tarakimu. Akisitasita, inuka uondoke, hata kama mkeo ameshawatangazia majirani kuhusu bajaji. Na neno usilolijua, sema hulijui. Watakucheka dakika mbili, kisha watakueleza.

Mungu akubariki, akupe riziki ya halali na wateja wasiokopa. Akujalie pia wepesi wa kusema "sijui". Mimi nilichelewa kuupata, na aliyeulipia ni mama.