Mtungi Ulioposwa Gasorwe

Yote yaliyomo humu ni kweli tupu. Mwandishi ameapa kwa meno yake yaliyobaki, na si mengi kiasi cha kuyachezea.

Ni asubuhi, mtaa wa Nyamugari, Gitega. Jeska anapaka povu la sabuni shingoni mwa mtungi wa chuma unaomfika begani. Anainama, anatazama. Povu likifura, mtungi unavuja. Likitulia, anausimamisha ukutani, anaufunga kwa mnyororo, kisha anafungua valvu polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Mwenyewe amesimama ubavuni.

"Mbele ya valvu ni njia yake," anasema. "Mkwe akipita njiani, si unampisha? Na huyu mpishe."

Jeska alikulia kambi ya wakimbizi Kigoma, akarudi Burundi akiwa mama wa watoto wawili. Kazi yake ni kujaza mitungi hewa ya mgandamizo mkubwa kwa mafundi wa matairi walioko milimani, kusiko na umeme wa kuendesha kompresa. Umeme ukiwaka wiki nzima mjini, anakula nyama. Ukikatika, anakula maharage na kuyasifu. Sikio lake la kushoto, kwa kusikiliza sana hewa inayotoroka, sasa linasikia radi tu.

Sikio la kulia ndilo lililopokea simu ya Léonard kiangazi kilichopita. Jeska alikuwa mjini Muyinga akigawa mitungi. Léonard, fundi wa matairi aliyetokea Kivu ya Kusini, alikuwa kibandani kwake Gasorwe.

"Mama Jeska, bombone iko inapiga mluzi," alisema, bombone kwao ikiwa ni mtungi. "Robine, hii valvu yake, imekataa kufunga. Mi nimeipaka siagi ya ng'ombe, bado."

Huko siagi ya ng'ombe hutibu kila kitu: kuungua, bawaba za mlango, hata wifi mwenye kisirani. Jeska akauliza nini kilifuata.

"Nikaigonga na marto kidogo," alisema, yaani nyundo.

"Kidogo namna gani?"

"Mpaka muti ya marto ikavunjika."

Jeska akamwambia asiguse tena chochote: asifunge, asifungue, asigonge, asisimame mbele wala nyuma ya mtungi. Siagi nayo aiweke mbali, maana mafuta na hewa iliyobanwa havipatani. Aache mlango wazi, awatoe watu wote, amsubiri nje. Kisha akapanda pikipiki.

Alifika Gasorwe akaenda moja kwa moja kibandani. Léonard alikuwa ameulaza mtungi sakafuni ili, kwa maneno yake, upumzike. Kitako chake kilielekea ukuta wa matofali ya udongo. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na hema, na ndani ya hema, watu wa pande mbili walikuwa katikati ya kumposa binti wa jirani, Bernadette. Valvu ilikuwa imepinda kwa nyundo. Ingekatika, hewa ingetokea shingoni na mtungi ungerukia upande wa kitako, utoboe ukuta na kutua mapajani mwa wakwe.

Lakini hakuna aliyekubali kuondoka. Mzee Sebastiani, msemaji wa upande wa bwana harusi, alikuwa anahutubia, na huko milimani msemaji wa posa hakatizwi. Ukimkatiza umemtukana, watu wake hubeba pombe yao wakarudi nayo nyumbani, na binti hubaki kwao. Léonard alikuwa amejaribu. Aliambiwa akae, akapewa mrija wa kunywea pombe.

Jeska hakupiga kelele. Alizunguka akaingia kwa mlango wa wageni, akavua kofia, akapiga makofi kwa adabu na kusubiri Mzee Sebastiani avute pumzi.

"Wazee wangu," alisema, "na sisi tumekuja kuposa."

Vichwa vyote viligeuka. Mposaji wa pili! Mzee Sebastiani, ambaye maisha yake yote hajapata kukimbia mashindano ya maneno, akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Unamposa nani, mwanangu?"

"Yule aliye ndani kwa Léonard. Shingo fupi, kifua kipana, pumzi nyingi kutushinda sote. Ila ana hasira. Anataka wakwe wakae ng'ambo ya barabara, kule mgombani, wamsikilize akiimba mpaka achoke."

"Na mkwe akikataa kusogea?"

"Basi bibi harusi atamfuata mwenyewe, amkumbatie."

Watu wakacheka. Kicheko kilipokwisha, ndipo waliposikia mluzi nyuma ya ukuta, na kila mtu akaelewa.

Wakaondoka kwa utaratibu: kwanza mtungi wa pombe ya ndizi, halafu mirija, halafu wakwe. Mzee Sebastiani alitoka wa mwisho, bado anahutubia.

Hapo ndipo valvu ilipochomoka, ikapaa juu ya migomba, ikavuka mto Ruvubu na kumvua kofia mlinzi wa mpaka upande wa Tanzania.

Jeska aliposomewa sentensi hiyo, alifungua mkoba wake na kuweka valvu mezani. Imepinda, na bado inang'aa siagi.

"Hii ndiyo iliyovuka mto, mzee wangu?"

Mwandishi alikohoa.

Ilivyokuwa ni kwamba hakuna kilichoruka. Hewa ilivuja ikaisha yenyewe, wala hakuna aliyeusogelea mtungi mpaka uliponyamaza kabisa. Jeska alisubiri zaidi, akaupima kwa povu, akaufunga kitambaa chekundu cha onyo na kuurudisha Gitega. Huko, baada ya kuhakikisha ni mtupu, ndipo valvu ilipofunguliwa na kubadilishwa. Mtungi uliishiwa pumzi kabla ya Mzee Sebastiani. Bernadette ameolewa.

Milimani, anayekutwa na uongo mbele ya watu hulipa pombe. Jeska ni mlokole, hanywi. Alidai mnyororo.

"Nataka kila mtungi ninaoupeleka usimame na ufungwe, usilazwe kama mgonjwa," anasema. "Nitaanza kwa Léonard. Wengine nitawatafutia mmoja mmoja."

Mnyororo umenunuliwa sokoni Gitega, mnene, na aliyeubeba mgongoni mpaka Gasorwe ni mwandishi mwenyewe. Jeska anasema kama simulizi zote za mwandishi zina uongo hivi, mitungi ya Muyinga nzima itapata minyororo kabla ya mvua.