Nilivyomharibia mjukuu wangu mazoezi ya kupima presha

Wakuu, habari za humu.

Siku mjukuu wangu Mwajuma aliponiomba niwe mgonjwa wake wa mazoezi, nilipaswa kukataa. Nilikubali. Nawaeleza kama ilivyokuwa, sina cha kuongeza.

Mwajuma anasoma uuguzi hapa Morogoro Mjini na anakaa kwetu, mimi na bibi yake.

Mwanzoni alisoma kama nilivyosoma mimi sekondari: anakariri mpaka anasinzia juu ya daftari, asubuhi hakumbuki kitu. Majaribio ya kwanza yakamwendea vibaya, akabadilika. Akawa anasoma kidogo kidogo, simu anaiacha jikoni, kisha anafunga notes na kunieleza mimi alichosoma. Nisipoelewa, anarudia.

Jioni kabla ya kula ananifunga mkanda wa kipimo mkononi na kunipima presha kwa kusikiliza mapigo.

Utaratibu mzuri sana. Shida ilikuwa mgonjwa.

Jioni moja alipima, akapima tena.

"Babu, iko juu."

"Juu wapi?"

"Juu sana. Twende hospitali."

Hapa mjue kitu kimoja. Nina shamba la maharage na migomba kule juu Uluguru, na njia yake ni ya kupanda kwa miguu. Mama yake Mwajuma alishasema, siku nikionekana na presha, mlima basi.

Kwetu babu na mjukuu ni watani. Yeye huniita mume. Nikajificha humo.

"Mke wangu, zahanati wamenipima juzi, niko kama kijana. Wewe ndiye husikii vizuri. Rudia mpaka upate."

"Mume mzee halafu muongo," akasema, lakini alicheka.

Zahanati sikuwa nimekanyaga.

Akarudia. Kila akipata namba kubwa nilimwambia amekosea, mpaka akaanza kuandika zile ndogo nilizozitaka mimi. Alikuwa na bidii, kwa hiyo alikosea kwa bidii.

Mtihani wa practical ukafika. Alipewa mtu ambaye mwalimu alishampima. Masikio yakamwambia iko juu. Akajiambia, hapa ndipo huwa nakosea. Akaandika namba ya kawaida.

Akapata sapu, yaani arudie mtihani.

Aliporudi nyumbani aliniuliza bila utani, "Babu, zahanati ulikwenda kweli?"

Nikamwambia sikwenda.

Hakugomba. Alikitoa kipimo mezani, akaniambia niende hospitali. Nikamjibu nitaenda nikishavuna maharage.

Tangu hapo alifanyia mazoezi chuoni na wenzake wawili: mmoja anapima, mwingine anahakiki, wanabadilishana. Utaratibu wake mwingine hakuugusa, isipokuwa masomo alikuwa anamweleza bibi yake. Sapu akaifaulu.

Mimi kiharusi kilinikuta kwenye maharage. Majirani wa shamba walinishusha kwa machela ya miti, na kila tulipopumzika walinikumbusha kwamba mimi ni mzito.

Mlio vyuoni, tafuteni wa kufanya naye mazoezi asiye na cha kuficha. Masikio yakisikia kitu, mwiteni mwalimu ahakiki kabla hamjajilaumu. Wenye uzoefu na mambo haya wachangie hapo chini, hata kama ni kunisema, nitasoma zote. Muda ninao.

Mguu wangu wa kushoto haunibebi tena. Shamba nililolidanganyia analilima mtu mwingine, na milima naiangalia nikiwa nimekaa uani.